Mashine ya kufulia ya Maytag yenye roli: maswali ninayoulizwa kila mara

Naishi Des Moines, Iowa, Marekani. Newton, mji ambao mashine hizi zilitengenezwa, uko maili 35 hivi upande wa mashariki. Ninazo tatu: moja inafua kila Jumamosi, ya pili inasubiri roli mpya, ya tatu ni ya kutolea vipuri. Kila mgeni anayeshuka chumba cha chini cha nyumba yangu huuliza yale yale, awe Mkongo jirani yangu au binamu aliyekuja kututembelea kutoka Morogoro. Nimeamua niyaandike yote mahali pamoja.

Hiki ni kitu gani hasa?

Ni beseni kubwa lililosimama kwa miguu minne yenye magurudumu. Katikati ya beseni kuna mhimili wenye mapezi unaozunguka nusu kwenda, nusu kurudi, ukisukasuka nguo majini. Mhimili huo tutauita ajiteta. Juu ya ukingo wa beseni kuna mkono wenye roli mbili za mpira zilizobanana. Kama umewahi kusimama pembeni ya mkokoteni wa juisi ya miwa, umeshaielewa nusu ya mashine: muwa unaingia huku umejaa, unatokea kule umekauka. Hapa badala ya muwa ni shati.

Haijazi maji yenyewe, haisuuzi, haijui muda. Mwenye akili ni wewe, yenyewe ina nguvu tu.

Zilitengenezwa lini?

Kampuni ya F. L. Maytag ilianza Newton mwaka 1893 ikitengeneza vifaa vya kulishia mashine za kupura nafaka. Biashara ya zana za kilimo ina msimu. Mavuno yakiisha, karakana inalala. Mwaka 1907 wakaanza kutengeneza mashine za kufulia, za mbao na za kuzungusha kwa mkono, ili mafundi wapate kazi mwaka mzima. Mwaka 1922 wakatoa mashine iliyowapa jina, Gyrafoam, ambayo ajiteta yake ilikaa ndani, kwenye sakafu ya beseni. Mashine za roli ziliendelea kutoka hadi Novemba 1983, wakati majirani karibu wote walishahamia kwenye mashine za kujiendesha. Whirlpool iliinunua Maytag mwaka 2006, na kiwanda cha Newton kikafungwa mwaka uliofuata.

Kwa hiyo mtu akikuambia "hii ni ya miaka mia moja", tabasamu tu. Nyingi zilizopo sokoni ni za baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Nitajuaje ni modeli gani?

Angalia beseni kwanza. La mraba la alumini ni E. La mraba lenye enameli nyeupe ni J. La duara lenye enameli ni N. Ukikuta herufi P mwishoni mwa jina la modeli kwenye bamba, ina pampu ya kutolea maji. Zisizo nayo zinamwaga kwa mpira wa chini, maji yakifuata mteremko. Kwa anayeanza nashauri E. Alumini nene haipati kutu nyekundu, na haibanduki kama enameli.

Napataje moja, na kwa bei gani?

Mitandao ya kuuziana vitu inazo, lakini huko wauzaji wameshaambiwa ni "antiki" na bei imepanda kichwani mwao. Mimi napenda minada ya mashambani. Mzee amefariki au anahamia kwa watoto mjini, familia inapanga vitu uani, dalali anaimba bei kwa kasi ambayo mwaka wangu wa kwanza sikushika neno hata moja. Mashine ya kufulia huwa iko mwisho kabisa wa mstari, kati ya ngazi na ndoo za misumari, saa ambayo wengi wameshaenda kula. Ya kwanza nililipa dola 40. Ya vipuri nilipewa bure, kwa sharti niitoe chini ya nyumba mwenyewe, na baada ya kuipandisha zile ngazi nilielewa kwa nini ilikuwa bure. Nenda na mtu wa pili mwenye mgongo mzima.

Niangalie nini kabla ya kutoa hela?

Usidanganywe na sura. Uchafu, rangi iliyofifia, gurudumu lililovunjika, hayo yote ni kazi ya mwishoni mwa wiki moja. Kinachoamua ni mambo manne, na mimi huyapitia kwa mpangilio huu.

Kwanza beseni. Ingiza tochi, pitisha kidole kuzunguka tundu la katikati na pembe zote. Mashine iliyoachwa na maji kwenye banda lisilo na joto, msimu wa baridi wa Iowa, hupasuka; barafu haina adabu. Beseni la alumini lililopasuka sijawahi kuona likizibwa likadumu. Ondoka.

Pili giaboksi. Umeme ukiwa haujaunganishwa, shika puli (gurudumu la mkanda) iliyo chini uizungushe kwa mkono. Ajiteta inapaswa kwenda na kurudi bila mikwaruzo. Ukisikia mahali inaporuka jino, hiyo ni gia iliyolika.

Tatu kichwa cha roli, yaani ule mkono wa juu wenye roli mbili. Kinapaswa kuzunguka juu ya nguzo yake na kujifunga mahali kadhaa. Bonyeza kishikizo cha dharura: roli lazima ziachiane papo hapo kwa mshindo. Zisipoachiana, bado unaweza kuinunua, lakini usiiwashe hadi zimeachiana.

Nne mota. Naiweka mwisho kwa makusudi. Wanunuzi wengi huanza nayo, kumbe ndicho kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha, kwa sababu imeunganishwa na giaboksi kwa mkanda tu. Mota mbovu ni hoja ya kushusha bei, basi.

Nikiifikisha nyumbani, niichomeke nione?

Hapana. Mimi nilifanya hivyo na ya kwanza. Mafuta ndani yalikuwa yamelala miongo, yameganda kama nta. Mota ikaunguruma, mkanda ukaanza kutoa moshi, mke wangu akanifokea kutoka juu. Zungusha kwanza kwa mkono, kagua waya, ndipo uchomeke.

Ajiteta imeng'ang'ania haitoki. Nifanye nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndipo watu huharibu mashine nzima.

Ajiteta inatoka kwa kuvutwa juu moja kwa moja. Kwa mama aliyeivua kila baada ya kufua na kuisafisha, ilitoka hivyo miaka yote. Tatizo ni yule aliyeiacha. Sabuni, chokaa ya maji magumu ya Iowa na kutu ya shina la chuma ambalo ajiteta imevikwa juu yake hujaza zile nafasi ndogo katikati, na ikiwa ajiteta ni ya alumini, metali mbili tofauti zikikaa kwenye unyevu huumana kama mbwa.

Usichukue mtaimbo ukaegemeza kwenye ukingo wa beseni. Utavunja pezi au utapasua beseni, na ajiteta itabaki pale pale ikikutazama.

Njia yangu ni ya polepole. Nanyunyizia oili ya kulegeza kutu kwa juu kwenye shina, jioni, na naiacha. Kesho yake najaza beseni maji ya moto kadiri bomba linavyoweza kutoa, nasubiri nusu saa, kwa sababu alumini hutanuka zaidi ya chuma ikipata joto. Kisha napitisha kamba nene chini ya mapezi pande mbili, naifunga juu kama mpini wa ndoo, navuta huku mwenzangu akigonga shina taratibu kwa nyundo ya mpira. Haikutoka? Namwaga maji, oili tena, kesho tena. Moja ilinichukua siku kumi na moja. Siku ya kumi na moja ilitoka kirahisi hadi nikaanguka makalio.

Ikishatoka, safisha shina kwa msasa laini, paka grisi isiyoogopa maji, na uapishwe kwamba utaivua kila baada ya kufua.

Kuna mafuta sakafuni chini ya giaboksi.

Yatazame rangi. Mafuta meusi au ya kahawia, matone machache kwa wiki, ni sili iliyochoka, ule mpira wa kuzuia mafuta yasivuje. Unaweza kuendelea kuitumia huku ukitafuta sili mpya. Mafuta meupe kama maziwa ni habari nyingine: maji yameshuka kupitia sili ya shina la ajiteta yakachanganyika na mafuta ndani. Hapo unaacha kufua siku hiyo hiyo. Giaboksi ishushwe, ifunguliwe, ioshwe kwa mafuta ya taa, beringi na bushi zikaguliwe, sili zote zibadilishwe, ijazwe upya. Piga picha kila hatua unapofungua. Usiamini kumbukumbu yako, hasa ukishakula.

Vipi kuhusu umeme wake?

Hapa sina utani. Unachanganya maji, sakafu ya saruji, mwili wa chuma na waya wa enzi ya babu. Mashine nyingi za zamani zilitoka na waya wa pini mbili, bila ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Mpira wa waya ukizeeka hukatika ukiukunja, na waya mtupu ukigusa fremu, mashine nzima inakuwa na umeme inakungoja wewe mwenye mikono iliyolowa.

Toa waya wote wa zamani, hata ukionekana mzima. Weka mpya wa nyaya tatu unaohimili mkondo wa mota. Kwa Marekani mweusi ni wa moto, mweupe ni nyutro, kijani ni ethi, na ule wa kijani ufungwe kwa boliti kwenye chuma kitupu cha fremu. Kwangua rangi hadi uone metali. Kisha chomeka kwenye soketi ile yenye vitufe viwili inayojikata umeme ukivuja. Inakata kwenye takriban miliampia 5, kabla moyo wako haujahusika. Kama huna uzoefu, mwite fundi umeme. Ni kazi ya saa moja kwake.

Mota ikiunguruma bila kuzunguka, zima haraka. Mota hizi zina koili ya kuanzishia pamoja na swichi ndogo ndani inayoiachia mota ikishika mwendo. Swichi ikiwa na kutu au vumbi, koili haipati umeme. Mara nyingi kusafisha pointi zake kunatosha. Ukiisukuma kwa mkono ikaanza kuzunguka yenyewe, umeshapata jibu: ni upande wa kuanzishia.

Roli zimekuwa ngumu kama tairi.

Mpira unazeeka, na roli zilizoachwa zimebanwa miaka thelathini huwa na sehemu bapa. Zikizunguka zinapiga tak, tak, tak, na kila bapa inaacha maji kwenye nguo. Msasa unasaidia ugumu wa juu tu. Bapa ikishaingia ndani, nunua nyingine.

Zinapatikana, na sababu ni Waamishi. Jamii hizi za Wakristo wasiotaka kuungwa kwenye gridi ya umeme zipo hapa Iowa, kuzunguka Kalona na kwingineko, na wengi bado wanafulia mashine za roli, wameondoa mota wakaweka injini ndogo ya petroli au mota ya hewa iliyoshindiliwa. Kwao hii si antiki, ni mashine ya kufulia. Fundi wao anajua roli ya E kwa kuipapasa. Nenda mchana, si Jumapili, lipa taslimu, na usiwapige picha.

Ukimaliza kufua, legeza roli kila mara. Hilo tu lingeokoa nusu ya roli zote nilizowahi kutupa.

Beseni la alumini limekuwa jeusi. Naweza kutumia kostiki soda?

La hasha. Kostiki na magadi hula alumini. Utaona mapovu ukadhani inasafishika, kumbe inayeyuka. Jiki nayo iache. Weusi ule ni tabaka tu la juu. Maji ya moto yenye siki au asidi ya limau, kitambaa, mkono wenye subira. Kwa beseni la enameli, sabuni ya kawaida inatosha. Palipobanduka paka rangi ya epoksi ya vifaa vya nyumbani kabla kutu haijatambaa chini ya enameli.

Nipake rangi upya?

Kama unapenda. Mimi sipaki, naosha na kupiga nta. Ukiamua kukwangua, kumbuka kwamba madini ya risasi, ambayo ni sumu, yalipigwa marufuku kwenye rangi za nyumba hapa Marekani mwaka 1978, na mashine yako huenda ina umri mkubwa kuliko huo. Usipige msasa mkavu. Lowesha, vaa barakoa inayofaa, weka watoto mbali.

Nimepata yenye injini ya petroli!

Hongera, umepata kitu ambacho watu wanakigombea kwenye minada. Kabla ya sheria ya kusambaza umeme vijijini ya mwaka 1936, na miaka kadhaa baada yake, mashamba mengi ya Iowa yalikuwa gizani, na Maytag ikawauzia wakulima mashine zenye injini ndogo chini ya beseni, ya kuwashwa kwa kupiga pedali kama pikipiki. Injini ya modeli 92 ina silinda moja, ya 72 ina mbili. Zote ni za stroku mbili, petroli inachanganywa na oili. Iwashe nje tu. Zamani walitoa moshi dirishani kwa mpira mrefu; wewe usijaribu, moshi ule una gesi inayoua, na gesi yenyewe haina harufu ya kukuonya. Wengi leo huuza injini peke yake kwa bei inayozidi ya mashine nzima, nami huwa nasikitika kidogo nikiona beseni limebaki yatima.

Sasa inafuaje?

Hapa ndipo ninapoipenda. Unajaza maji ya moto kwa mpira, takriban lita 60, unaweka sabuni isiyotoa povu jingi, unawasha. Zinaanza nyeupe: mashuka, kanzu, mashati ya kanisani. Dakika saba mpaka kumi. Unazipitisha kwenye roli, maji yanarudi beseni, nguo zinaangukia karai la kusuuzia. Kisha kwenye maji yale yale unaweka za rangi. Kisha jinzi. Mwisho nguo za kazi na vitambaa vya gereji. Maji ya mwisho yanakuwa kama ya Mto Msimbazi kule Dar, lakini umefua mizigo minne kwa beseni moja.

Karai ziwe mbili, zote za maji baridi. Kichwa cha roli kinazunguka kutoka beseni kwenda karai la kwanza, kutoka la kwanza kwenda la pili. Kwenye la pili natia bluu kidogo kwa nyeupe, ile ile ya mashati ya shule. Wazee wa hapa nao walitumia bluu, na bibi mmoja kwenye mnada alishangaa kwamba mtu kutoka Tanzania anaijua. Tulizungumza kufua kwa nusu saa.

Kunja nguo ili vifungo viwe ndani, zipu zifungwe na zilale bapa. Shuka liingie kwa kona, si kwa upana wote. Nguo ikianza kujizungusha kwenye roli badala ya kutoka, bonyeza kishikizo, usivute.

Ina hatari kwa watoto?

Ndiyo, na watu wazima pia. Roli hazijui tofauti ya mkono wa shati na mkono wenye shati. Majeraha ya mkono ulioingia kwenye roli yalikuwa mengi hadi madaktari wa Marekani wakayapa jina lake. Nywele zifungwe, mtandio uvuliwe, kanga ikazwe, pete na bangili viwekwe mezani. Kila mtu ndani ya nyumba ajue kishikizo cha dharura kilipo. Watoto wangu wanaruhusiwa kutazama kutoka kwenye ngazi ya tatu. Si ya pili.

Naweza kuiweka kwenye kontena niipeleke nyumbani Tanzania au Kenya?

Beseni, giaboksi na roli, ndiyo. Mota, iache huku.

Mota yake ni ya volti 115 na hezi 60. Ukiichomeka kwenye 230 ya kwetu inaungua. Wengi hudhani transfoma inamaliza kazi, kumbe transfoma inashusha volti tu. Hezi zinabaki 50. Mota ya hezi 60 ikipewa 50 inapunguza mwendo kwa moja ya sita, kutoka mizunguko 1,725 kwa dakika hadi kama 1,425, na inapata joto kupita kiasi.

Nunua mota ya 230, hezi 50, yenye mwendo wa 1,400 na kitu, huko huko Dar au Mombasa, ufunge kwa mkanda ule ule. Ili ajiteta isizubae, kuza puli ya mota kwa uwiano huo huo: tuseme ya zamani ilikuwa inchi 2.5, weka 3. Fundi mchongaji yeyote ataichonga. Uende pia na sili mbili za akiba na roli mpya, maana Kalona ni mbali.

Na kusema kweli, kwa nyumba ambayo maji yanakuja mara mbili kwa wiki na yanahifadhiwa kwenye simtanki, mashine inayojazwa kwa ndoo na kufua mizigo minne kwa maji ya mmoja ina hoja kuliko ile ya kioo mbele inayogoma presha ikishuka.

Inalipa kama biashara?

Hapana. Hesabu saa zako.

Unaniuzia hiyo inayofanya kazi?

Hiyo hapana. Ile ya vipuri bado ina beseni zima, E, na mota inayozunguka, ila giaboksi imejaa maziwa. Kama uko tayari kuifungua, chukua. Iko gereji sasa, ngazi zimeshakwisha. Njoo na pikapu na mtu wa pili.